Barua Kutoka Dundalk: Mshahara wa Raga Unapokoma, Uwanja wa Kijiji Upo

Ndugu zangu mlio nyumbani,

Nawaandikia kutoka Dundalk, kaunti ya Louth, kaskazini mashariki mwa Ayalandi. Wengi wenu mkinipigia simu huniuliza habari za raga, kwa kuwa timu ya taifa ya huku mnaiona kwenye televisheni ikiwatoa jasho hata New Zealand. Leo nataka kuwaeleza mchezo mwingine, ule ambao Waayalandi huuhesabu kuwa mali yao hasa: soka ya Kigaeli. Nitaueleza kupitia wachezaji wa raga ya kulipwa walioamua kuucheza, ingawa hauna mshahara. Kwao nimejifunza jambo ambalo sisi Wakenya tunalihitaji sana.

Nianze na jirani. Ukisimama ufukweni hapa, ng'ambo ya maji utaiona milima ya Cooley. Huko ndiko alikokulia Rob Kearney, mlinzi wa mwisho aliyeichezea Ayalandi mechi 95 za raga. Alitwaa Kombe la Ulaya mara 4 akiwa na timu ya jimbo la Leinster, alikuwemo Ayalandi iliposhinda mechi zake zote za mashindano ya Mataifa Sita mwaka 2009 na 2018, na alisafiri na kikosi cha Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ayalandi, hadi Afrika Kusini na Australia. Mwaka 2021, baada ya kuichezea Western Force ya Perth, alirudi katika kilabu cha utotoni mwake, Cooley Kickhams. Akavaa jezi ya kijiji, akaingia uwanjani pamoja na watu ambao Jumatatu asubuhi huamkia kazini kama mimi na wewe. Hapakuwa na mkataba wala marupurupu.

Mchezo wenyewe si mwepesi. Kila upande una wachezaji 15 kama raga, ila mpira ni wa duara. Milingoti inafanana na ile ya raga, na chini ya mtambaa wa panya kuna wavu na mlinda lango. Mpira ukipita juu ya mtambaa ni pointi 1. Ukitinga wavuni ni bao lenye thamani ya pointi 3. Tangu 2025, kanuni mpya za wanaume zinampa pointi 2 anayeupitisha juu akiwa nje ya tao la mita 40. Mwenye mpira akishapiga hatua 4 ni lazima audunde, au audondoshe kwenye kidole cha mguu na kuurudisha mkononi, na haruhusiwi kuudunda mara mbili mfululizo. Pasi ya mkono haitupwi: mpira unapigwa kwa ngumi au kiganja.

Kwa mtu wa raga, huko ni kujifunza upya. Miaka yote amefundishwa kumkumbatia mpinzani na kumwangusha. Hapa akimwangusha kwa makusudi anaonyeshwa kadi nyeusi na kukaa nje dakika 10. Amekatazwa kupasia mbele kwa mkono. Hapa mbele ndiko mpira unakotakiwa kwenda. Amezoea kuvuta pumzi skramu ikipangwa. Hapa hakuna skramu, mbio haziishi. Anachokuja nacho ni kifua, miguu na ujuzi wa kudaka mipira ya juu. Hata ujuzi huo, kwa Waayalandi wengi, ulitoka kwenye soka ya Kigaeli kwanza. Kearney alisifiwa kila mahali kwa kuruka na kuudaka mpira angani katikati ya wapinzani, naye kabla ya raga ya kulipwa alikuwa ameichezea timu ya vijana ya Louth.

Kwa upande wa wanawake, mfano unaonivutia zaidi ni Hannah Tyrrell wa Dublin. Mapema mwaka 2021 bado alikuwa akivaa jezi namba 10 ya Ayalandi katika Mataifa Sita. Akastaafu raga, na Septemba mwaka huohuo alikuwa katika uwanja wa Croke Park akiichezea kaunti ya Dublin fainali ya taifa ya soka ya Kigaeli. Meath waliwashinda siku ile. Tyrrell aliendelea kujinoa, na Agosti 2023 Dublin waliishinda Kerry katika fainali, yeye peke yake akifunga pointi 8. Louise Galvin wa Kerry naye alitoka kwenye raga ya wachezaji saba, ile ambayo Wakenya mnaijua vyema, akarudi kuichezea kaunti yake.

Kuna wakati kuvuka kutoka mchezo mmoja hadi mwingine kulikuwa kosa kubwa. Chama cha Michezo ya Kigaeli, GAA, kiliundwa katika mji wa Thurles tarehe 1 Novemba 1884, nchi ikiwa chini ya Waingereza, ili kuilinda michezo ya wenyeji. Mmoja wa waasisi wake, Michael Cusack, alikuwa amecheza raga. Baadaye chama kikaweka marufuku: mwanachama hakuruhusiwa kucheza, wala hata kwenda kutazama, raga, kandanda, kriketi au magongo. Mwaka 1938 Rais wa nchi mwenyewe, Douglas Hyde, alivuliwa ulezi wa chama kwa kuhudhuria mechi ya kandanda. Moss Keane wa Kerry alipoanza raga akiwa chuoni Cork, alicheza kwa jina la bandia asijulikane. Marufuku ikaondolewa mwaka 1971, na Keane akaja kuichezea Ayalandi mechi 51.

Msiwaone viongozi wa GAA kuwa walikuwa wakaidi. Tarehe 21 Novemba 1920 vikosi vya Waingereza viliingia Croke Park mechi ikichezwa, vikafyatua risasi, na watu 14 wakapoteza maisha, akiwemo mchezaji Michael Hogan wa Tipperary. Sisi ambao babu zetu walipitia miaka ya hali ya hatari chini ya serikali hiyohiyo tunaelewa kidonda cha namna hiyo hakiponi upesi. Ndiyo sababu raga ilipokubaliwa kuingia Croke Park mwaka 2007, uwanja wa Lansdowne Road ukijengwa upya, wachezaji wenyewe walitokwa na machozi nyimbo za taifa zikiimbwa kabla ya mechi dhidi ya Uingereza. Ayalandi waliwafunga Waingereza 43-13. Trai inayokumbukwa kuliko zote ni ya Shane Horgan, aliyeruka pembeni mwa uwanja na kuudaka mpira wa juu kwa mtindo wa Kigaeli. Alijifunzia mtindo huo Meath, kaunti aliyoichezea ujanani.

Ni nini basi kinachowavuta wachezaji hawa? Raga imekuwa ya kulipwa tangu 1995. Katika GAA hakuna mshahara. Croke Park hubeba watu 82,300, na nyota anayeujaza uwanja huo hurudishiwa nauli, hupata ruzuku ndogo ya serikali, kisha hurudi kazini kwake. Kinachowavuta ni kwamba kilabu ni cha parokia. Unachezea ulikozaliwa au unakoishi, na hakuna tajiri wa kukununua akupeleke kwingine. Uwanja ni wa kilabu, umepatikana na kutunzwa kwa michango na jasho la wanakijiji. Makocha wa watoto ni wazazi wanaojitolea. Mchezaji anaweza kuondoka miaka 15 akazunguka dunia, na akirudi atakuta watu wanaomjua kwa jina la baba yake, na nafasi yake mazoezini.

Mei 2025 Louth, kaunti ndogo kuliko zote katika nchi hii, iliishinda Meath na kutwaa ubingwa wa jimbo la Leinster kwa mara ya kwanza tangu 1957. Mji huu ulivaa nyekundu, sisi wageni tukiwemo. Na wageni hatuishii kushangilia. Boidu Sayeh, aliyezaliwa Liberia, ameichezea Westmeath kwa miaka mingi, na watoto wenye asili ya Afrika wanazidi kuonekana katika timu za vijana.

Sitaki mdhani kila kitu huku ni cha kuigwa. Mchezo wa ridhaa una gharama, na anayeilipa ni mchezaji. Mtu anafanya kazi siku nzima, jioni anaendesha gari umbali mrefu kwenda mazoezini, na anafika nyumbani usiku wa manane. Wanawake wanaumia zaidi: kiangazi cha 2023 wachezaji wa kaunti walitangaza kwamba wanacheza huku wakipinga, wakidai matibabu, nauli na viwanja kama wenzao wa kiume. Madai yao yalikuwa ya haki. Kujitolea ni jambo jema, lakini mchezo unaokusanya viingilio kwenye uwanja wa watu 82,300 hauwezi kumwacha mchezaji ajitibu kwa mfuko wake.

Sasa nirudi kwetu. Tuna kaunti 47 na vipaji tele. Mwaka 2016 Kenya ilitwaa Kombe la Singapore la raga ya wachezaji saba, na mwaka huohuo Collins Injera akaweka rekodi ya kufunga trai nyingi zaidi katika mfululizo wa dunia wa raga hiyo. Lakini jiulizeni: mchezaji wetu akimaliza kuitumikia Kenya, anarudi kucheza wapi? Aghalabu mtaani kwao hakuna kilabu kinachomngoja, na uwanja aliojifunzia ukiwa mtupu huwindwa na wanyakuzi. Hamjasahau Januari 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road waliporushiwa vitoa machozi kwa kutetea kiwanja chao. Watoto wale walijua kitu ambacho viongozi wao hawakukijua: pasipo uwanja, hakuna timu, na pasipo timu, mtaa hauna pa kukutania.

Sisemi tuanzishe soka ya Kigaeli Nakuru au Kakamega. Nasema kila wadi iwe na uwanja mmoja usiouzika, na kilabu kimoja kinachomilikiwa na wakaaji wake, kiwe cha raga, kandanda au voliboli. Mchezaji aliyestaafu apewe watoto awafunze, naye acheze nao akitaka. Sisi tulio ughaibuni tunachangia harusi na mazishi kila mwezi. Tunaweza kuchangia pia ua, nyasi na milingoti, mradi tuone hati.

Basi nawaomba jambo moja. Kama wadi yako bado ina uwanja, nenda wiki hii kwenye ofisi ya ardhi uulize hati yake imeandikwa jina la nani. Ukishapata jibu, niandikie.

Wenu,
Dundalk, Ayalandi