Dakika kumi juu ya Ngomeni

Nimekuwa kimya wiki tatu, na wengine mmeniandikia mkidhani nimehama Malindi. La, niko hapa hapa Kisumu Ndogo. Nilikuwa na aibu tu, na leo nitaieleza.

Mtaani kwetu kuna kioski cha maji kinachotumia kadi. Ndani yake mna kompyuta ndogo yenye laini ya simu, na programu yake niliiandika mimi. Usiku mmoja, nikiwa kitandani, niliituma programu mpya bila kuijaribu. Ni mistari 12 tu, nikajiambia, itaharibika nini? Asubuhi mtambo haujibu, valvu imefungwa, mitungi imepangwa foleni hadi barabarani. Kwa siku mbili watu walinunua maji ya mkokoteni kwa bei ya kuumiza. Mama mmoja muuza mahamri hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, wewe ulilala. Sisi hatukulala."

Hatimaye tulivunja sanduku na fundi wa mabomba, nikachomeka waya, nikarudisha programu ya zamani. Kioski kiko hatua chache kutoka kwangu. Je, kingekuwa kilomita 600 juu angani?

Swali hilo si la mbali kwa mtu wa Malindi. Kaskazini mwa mji, Ngomeni, ndiko kwenye kituo cha Waitaliano tunachokiita San Marco. Kutoka majukwaa yake ya baharini zilirushwa setilaiti 9 kati ya 1967 na 1988, mojawapo ikiwa Uhuru, iliyoondoka tarehe 12 Desemba 1970. Roketi zilikoma, antena zikabaki kazini.

Kisa ninachokipenda zaidi kinaanzia jeshini. Mwaka 1963 mataifa makubwa yalikubaliana kutojaribu mabomu ya nyuklia angani. Kukubaliana ni kitu kimoja, kuaminiana ni kingine. Marekani ikarusha setilaiti za kijeshi zilizoitwa Vela, mbili mbili, zichunguze kama kuna anayedanganya. Julai 1967 zikanasa mmweko wa miale ya gama usiofanana na bomu. Wataalamu wa Los Alamos hawakukurupuka. Walilinganisha saa ambayo kila setilaiti iliuona mmweko, ili wajue unatoka upande gani. Mwaka 1973 ndipo walipotangaza mimweko 16, ambayo haikutoka duniani wala kwenye jua. Ilitoka wapi? Hakuna aliyejua kwa miaka mingi.

Hapo Ngomeni inaingia. Mwaka 1996 ilirushwa BeppoSAX, setilaiti ya Waitaliano na Waholanzi. Ilizunguka karibu na ikweta, kwa hiyo kila mzunguko wa kama dakika 96 ilipita juu yetu, na kituo kikaongea nayo kwa kama dakika 10. Katika dakika hizo iteremshe data zote ilizohifadhi, nayo ipokee amri zilizotoka Roma. Ikizama upeoni, subiri izunguke dunia. Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mmweko, na saa 8 baadaye darubini zake zilikuwa zimegeuzwa upande ule ule. Zikakuta masalio ya eksirei yakififia. Mwaka huo huo ikathibitika kuwa mimweko hiyo hutoka mbali mno, nje kabisa ya galaksi yetu.

Lakini kilichonigusa mimi ni jambo lingine. Jairoskopu zake, vifaa vinavyokiambia chombo kimegeukia wapi, zilikuwa zikifa moja baada ya nyingine. Hakuna fundi wa kupanda. Wahandisi waliandika programu mpya ya kuendesha chombo kwa jairoskopu moja tu, wakaipandisha. BeppoSAX ilifanya kazi hadi 2002.

Waliwezaje? Setilaiti hujengwa ikitarajia makosa ya watu kama mimi. Ikichanganyikiwa huacha kazi zote, huelekeza paneli zake kwenye jua, na hungoja amri.

Basi nami nimefanya mambo matatu. Mezani kwangu kuna mtambo pacha wa ule wa kioski, na kila programu mpya hukaa hapo siku nzima kwanza. Pili, programu ya zamani haifutwi: mpya isipojiripoti kwa dakika 10, ya zamani hurudi yenyewe. Tatu, kando ya valvu kuna bomba la mkono, na ufunguo anao mhudumu wa kioski, si mimi.

Juzi nilituma programu mbovu makusudi, mchana kweupe, watu wakitazama. Maji yakakatika. Mama wa mahamri akanikazia macho. Dakika ya kumi na moja yakatoka. Akajaza mtungi wake, akaniambia, "Haya, leo kalale."

Wikiendi njema.