Geuza Upande wa Pili

Ujana wangu wote niliuza santuri River Road, Nairobi. Duka lilikuwa jembamba, spika imeelekezwa barabarani, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuchagua cha kupiga. Ukiupata wimbo wenyewe, hata mtu anayewahi basi husimama.

Santuri ndogo ilibeba dakika nne au tano kila upande, na bendi zetu hazikuwa na haraka hiyo. Ukumbini mwimbaji alianza taratibu, akaeleza kisa chake chote, kisha maneno yakaisha na magitaa yakatwaa uwanja. Hilo ndilo chemko. Studioni wimbo ukakatwa vipande viwili: kisa upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Redioni nilisikia zaidi ule wa kwanza, ukififia palepale miguu inapoanza kuwasha. Ndiyo maana wapenzi wengi wa zilipendwa wanajua nusu tu ya nyimbo wanazozipenda, na kwangu mimi utamu uko kwenye nusu ya pili.

Chukua Sina Makosa ya Les Wanyika, wale waliojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978. Sauti ya John Ngereza nani asiyeijua? Lakini mteja akiuulizia, nilimwekea upande wa pili kwanza. "Sikiliza ridhimu, kaka." Omari Shabani hana papara. Anarudia kipande kifupi, kikavu, akiacha upenyo uleule kila mara, na besi ya Tom Malanga inapita humo humo. Ukishaukamata upenyo huo, huwezi tena kuusikiliza wimbo kama zamani. Baada ya hapo nilimpa na wimbo wao Paulina bila kumwuliza.

Kwa Mbaraka Mwinshehe nina uchungu zaidi. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, na watu wakabaki na wimbo wake Shida, basi. Shida ni wimbo mkubwa, sibishi. Ila Mbaraka alikuwa mpiga solo wa kutisha, na haitoshi kulisikia solo lake katikati ya beti tu. Zilipotoka santuri za Ukumbusho, zilizokusanya kazi zake, nilimshikisha moja kila aliyekuja kuulizia Shida peke yake.

Kila Desemba utasikia Kakolele, wimbo wa sikukuu wa Baba Gaston. Vijana wa bendi yake waliomwacha mwaka 1976 wakaunda Les Mangelepa hawana sikukuu ya kuwakumbusha watu, na Embakasi yao, pamoja na tarumbeta zake, inastahili kupigwa hata mwezi wa Machi.

Kanda zilipoingia, mambo yaliharibika zaidi. Niliwaona wenye kunakili kanda wakiutupa upande wa pili ili nyimbo nyingi zienee kwenye kanda moja, na nakala hizo ndizo zilizokwenda hadi vijijini. Kwa hiyo leo, ukikuta rumba ya zamani kwenye simu inafifia kabla ya dakika tano, usiridhike. Tafuta sehemu ya pili, mara nyingi ipo.

Na usimpite mwimbaji Issa Juma. Watu wanaishia kwenye wimbo wake Sigalame, lakini mwaka 2010 kampuni ya Sterns ilitoa albamu ya nyimbo zake za 1982 hadi 1986 na Super Wanyika Stars. Sauti nzito, magitaa mepesi. Isikilize yote, kwa spika kubwa.