NYUMBA NDOGO, SEHEMU YA 4: Chumba cha mgeni chenye meza ya kazi

Wengi mmeniuliza: kile chumba kimoja kilichobaki tukifanye ofisi au cha wageni? Inawezekana kikawa vyote viwili. Ila kwanza nikusimulie nilivyokosea mimi mwenyewe.

Chumba chetu ni futi 10 kwa 10. Nilikuwa najiendeleza kutoka diploma kwenda digrii, na mume wangu anafanya mahesabu ya wateja wake akiwa nyumbani. Basi tukanunua meza kubwa, kiti chenye magurudumu na kabati la mafaili. Mgeni je? "Atalala godoro la chini, si siku chache tu." Unajua tunavyosemaga.

Nilipojifungua mtoto wa pili, mama alikuja kunilea. Ana miaka 60 na kitu, ana presha, na magoti yanamsumbua. Tukamtandikia katikati ya meza na mlango. Kila asubuhi namwamkia, namuuliza amelalaje. "Salama tu mwanangu."

Usiku wa sita, kama saa tisa hivi, niko nanyonyesha, nikasikia kishindo. Mama alikuwa anataka kwenda chooni. Ili ainuke kutoka chini alishika kile kiti, kiti kikakimbia na magurudumu yake. Namshukuru Mungu hakuvunjika, mkono tu ulivimba. Kilichoniuma ni alichoniambia wakati namfunga bandeji: "Ndiyo maana jioni huwa sinywi maji, nisije nikawasumbua usiku."

Jamani! Mimi nesi. Wodini nawahimiza wazee wanywe maji, maana mwili ukikaukiwa, mtu akisimama ghafla anapata kizunguzungu na kuanguka. Huku nyumbani kwangu mama yangu mzazi anajinyima maji kwa sababu ya mpangilio wa chumba.

Na si hilo tu. Mfuko wake wa dawa ulikuwa chini, kando ya godoro, na mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka miwili, mkono haupoi. Baadhi ya dawa za presha na za sukari, hata kidonge kimoja au viwili vinaweza kuhatarisha maisha ya mtoto mdogo. Tulinusurika tu.

Basi tulipanga upya hivi:

1. Kitanda kwanza, meza baadaye. Tuliweka cha futi 3½ kwa 6, ubavu mmoja ukutani. Mgeni akikaa ukingoni nyayo zote zikanyage sakafu, na magoti yasipande juu kuliko nyonga. Kikiwa kifupi sana, mwenye magoti mabovu hawezi kuinuka.

2. Meza kubwa tuliuza. Fundi seremala akatutengenezea ubao wa sentimita 90 kwa 50 wenye bawaba, umefungwa ukutani. Kazi ikiisha unaukunja. Kiti ni cha kawaida cha miguu minne, kinabaki karibu na kitanda.

3. Njia ya kitandani hadi mlangoni iwe wazi. Waya za chaja na ekstensheni zipite kando ya ukuta, zisikatize njia. Umeme ukikatika, tochi iwe mahali ambapo mgeni anaifikia akiwa amelala.

4. Mafaili yalihamia kwenye maboksi chini ya kitanda. Nusu ya kabati ni ya mgeni. Mtu asiishi kwenye begi mwezi mzima.

5. Dawa za mgeni ziwekwe juu, kwenye kikabati chenye komeo. Mwombe kwa heshima siku ya kwanza anapofika, usingoje.

6. Chandarua kining'inie hapo hapo siku zote, kisiwe cha kutafutwa usiku.

7. Saa za kazi. Mgeni akiwepo, saa tatu usiku chumba ni chake. Mwenye kazi anabeba kompyuta yake anahamia sebuleni. Hili mume wangu alilipinga, tukaongea, akakubali. Bila makubaliano haya hata kitanda kizuri hakisaidii, mzee atakaa sebuleni anasinzia akisubiri mmalize.

Mama alirudi tena mwaka uliofuata. Siku ya pili nikakuta jagi la maji kando ya kitanda, limebaki nusu. Sikusema kitu, nikaenda kulijaza.

Sasa wewe fanya hivi leo. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, nenda ukalale pale anapolala mgeni wako. Halafu inuka uende chooni bila kuwasha simu. Utakachojikwaa nacho, ndicho cha kuhamisha kesho asubuhi. Usimsubiri mama mkwe akuambie, maana hatakuambia.

Njoo uniandikie umejikwaa na nini. Sehemu ya 5 tutaingia jikoni.