Kuvumilia bila kuahidiwa mbivu

Kamusi yangu ndogo iliniambia "thole" ni kijiti kinachochomekwa ukingoni mwa mashua ili kasia lipate pa kuegemea. Nikashangaa. Mbona Seamus Heaney hakuwa anazungumzia mashua kabisa? Katika utangulizi wa tafsiri yake ya Beowulf, iliyotoka mwaka 1999, alikuwa anamkumbuka shangazi yake (au mama mdogo, Kiingereza hakina habari ya kutofautisha) akisema juu ya familia iliyofiwa ghafla kwamba hawana budi kujifunza ku-thole.

Kitabu nilikinunua kwa wauza mitumba, nikakisoma miezi minne baada ya kumzika baba. Ndiyo maana nilikwama hapo.

Kumbe ni maneno mawili tofauti yanayofanana. Kitenzi chenyewe, kinachoanza na "th" ya thamani, ni cha Kiingereza cha Kale: þolian, kustahimili mateso. Kiingereza cha kawaida kimekisahau, ila Uskoti na Ireland ya Kaskazini bado kinasikika. Heaney alikulia huko. Alidhani ni neno la wazee wa kijijini kwao tu, mpaka akalikuta ndani ya Beowulf, shairi ambalo muswada wake una miaka kama elfu moja. Waskoti waliohamia Ulster walikuja nalo, Waayalandi wakalichukua. Baadaye akalikuta tena kwa John Crowe Ransom, mshairi wa kusini mwa Marekani.

Wanaochimba mizizi ya maneno wanasema asili yake ni kuinua, kubeba. Ukoo huohuo umezaa neno la Kigiriki la mizani na uzito, ambalo ndilo lililotuletea talanta tunayoisoma kwenye Biblia. Na "stahimili" yetu je? Imetoka Kiarabu, mzizi mmoja na hamali. Yaani watu wasiojuana kabisa wameitazama huzuni wakaona mzigo.

Basi nikajaribu kulitafsiri. Jibu la haraka ni kuvumilia, na kwa kweli silipendi. Msibani niliambiwa "vumilia" mpaka masikio yakachoka. Ndilo neno hilohilo anarudishiwa mwanamke aliyekimbilia kwao na jicho limevimba. Na kila mara nyuma yake kuna ahadi: mvumilivu hula mbivu. Mbivu gani? Baba harudi. Thole haiahidi kitu. Inasema mzigo upo, kesho utakuwepo, na kuubeba ni kazi ya kujifunza, kama mtoto anavyojifunza kujitwika ndoo, mara ya kwanza maji yote mgongoni.

Ndipo nikamkumbuka shangazi yangu. Tanga lilikuwa limeshaanuliwa, wageni wameondoka na masufuria yao, yeye amebaki. Aliyezikwa alikuwa kaka yake, na kabla ya hapo alishazika wanawe wawili. Alikuwa uani anachambua mchele. Nikamuuliza, "Shangazi, hivi hili linaisha lini?"

Hakuinua kichwa. "Haliishi, mwanangu. Utalibeba tu."

Kisha akanisogezea ungo, akaenda kuwasha moto.