Kadari ni Faraja, si Udhuru



Huenda umewahi kuiona picha ya zamani ya Msikiti Mtakatifu wa Makka, iliyopigwa mwaka 1941. Maji yameizunguka Al-Kaaba pande zote, na watu wanaogelea mahali ambapo wewe na mimi tunatamani kupita kwa miguu. Watu wengi huipenda picha hiyo. Huonyeshana, wakasema Subhanallah, wakastaajabu kwamba hata gharika haikuwazuia waja kutufu. Nami naipenda. Lakini kila niitazamapo hujiuliza suala moja: maji yale, kabla ya kufika pale, yalipita katika nyumba za nani?

Makka imo bondeni, imezungukwa na milima ya mawe, na mawe hayanywi maji. Mvua yake ni haba, na sehemu kubwa hushuka katika miezi ya baridi. Lakini ikija huja ghafla. Kila kijibonde humwaga maji yake katika bonde kubwa, na bonde hilo hupita mjini. Mtu aweza kusimama pakavu, mbingu juu yake ni safi, kumbe mvua imekwisha kunyesha huko milimani na maji yako njiani yanamjia. Asiyeijua nchi ile hudhani kwamba jangwani watu hufa kwa kiu tu. La, wako pia wanaokufa kwa maji.

Wanahistoria wa Makka waliyaandika mafuriko hayo na kuyapa majina, kama wazee wetu walivyoipa majina miaka ya njaa. Moja lilitokea zama za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), mwaka wa 17 Hijria, yaani 638. Maji yaliingia Msikitini yakalichukua jiwe la Maqamu Ibrahim mpaka upande wa chini wa mji. Akafa maji bibi mmoja aliyeitwa Ummu Nahshal, na gharika ile ikaitwa kwa jina lake. Habari zilimfikia Sayyidna Umar naye yuko Madina. Akatoka kwa haraka, amejaa hofu. Alipofika aliuliza ni nani ajuaye hasa mahali pa Maqamu, akapatikana mtu aliyekuwa amepapima zamani, na jiwe likarudishwa mahali pake.

Je, aliishia hapo? Hakuishia hapo. Aliamrisha lijengwe boma la mawe makubwa upande wa juu wa mji, ili maji yageuzwe yasiuingilie tena Msikiti. Fikiri, ndugu yangu. Nyumba ile ni ya Mwenyezi Mungu, naye ni Mwenye uwezo wa kuilinda, na Umar alilijua hilo kuliko sisi. Hata hivyo alitafuta mawe, akatafuta mafundi. Na huyu ndiye Umar aliyeikwepa tauni ya Sham, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kuwa anatoka katika kadari ya Mola na kuingia katika kadari ya Mola.

Tena mwaka wa 80 Hijria, siku ya nane ya Mfungo Tatu, siku ambayo mahujaji hujitayarisha kwenda Mina, gharika nyingine iliwashukia alfajiri ikawakumba watu na mizigo yao. Kwa hesabu ya Miladi ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 700, katikati ya majira ya baridi. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipeleka mali zikajengwa kuta za kuyazuia maji.

Sasa tuje katika zama zetu. Siku ile ile ya nane ya Mfungo Tatu, mwaka 1430, sawa na tarehe 25 Novemba 2009, mvua ilinyesha Jeddah kiasi cha milimita 90 katika muda wa saa nne hivi. Watu zaidi ya 100 walikufa. Baadhi ya mitaa ilikuwa imejengwa katika njia za maji zenyewe, na mifereji ya mvua haikutosha. Mfalme aliamuru uchunguzi ufanywe. Januari 2011 mji ukafurika mara ya pili. Baada ya hapo yakajengwa mabwawa na mifereji mipya. Kisha, tarehe 24 Novemba 2022, ilishuka mvua kubwa kuliko ile ya kwanza: milimita 179 kwa saa sita katika upande wa kusini wa mji. Safari hii watu walitangaziwa mapema, skuli zikafungwa, na njia ya kwendea Makka ikafungwa kwa muda. Waliokufa walikuwa wawili.

Sisemi kufa kwa watu wawili ni jambo dogo. Kila roho ina mama wa kuililia. Lakini nakuomba uzitie hesabu hizi katika mizani. Mvua ya pili ilikuwa karibu maradufu, na mauti yakawa machache mno. Kadari ni ya Mola yule yule. Kilichobadilika ni kazi ya waja.

Hili ndilo neno ninalotaka kukuambia leo. Kuamini kadari ni nguzo ya imani yetu, wala hatuachi hata herufi yake. Lakini kadari tumepewa iwe faraja baada ya msiba. Hatukupewa iwe udhuru kabla yake. Aliyefiwa akisema imeandikwa, amesema kweli na moyo wake hutulia. Aliyeziba mtaro akisema imeandikwa, naye amesema kweli, lakini amelitumia neno la kweli kuifunika dhulma.

Itazame sharia yenyewe jinsi ilivyoizingatia baridi na mvua. Abdallah bin Umar (R.A.), katika usiku wa baridi na upepo, alinadi Sala, kisha akawatangazia watu wasali pale walipokuwa, na akaeleza kuwa hivyo ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akiamrisha safarini katika usiku wa baridi au wa mvua. Amri bin Al-Aas (R.A.) naye, katika vita vya Dhatus-Salasil mwaka wa 8 Hijria, alipata janaba usiku wa baridi kali. Alichelea kwamba akioga ataangamia, basi akatayamamu akawasalisha wenzake. Mtume (S.A.W.) alipoambiwa alimwuliza, naye akaeleza hoja yake kwa aya inayokataza watu kujiua. Mtume akacheka, wala hakumkemea. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mvua ni sababu ya kujumuisha Sala mbili msikitini, kwa masharti yaliyotajwa vitabuni.

Tena yako yale ya mtu aliyeingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume (S.A.W.) yuko juu ya mimbari, akamwomba awaombee mvua. Ikanyesha wiki nzima. Ijumaa ya pili akaja mtu kulalamika kwamba nyumba zinabomoka na mali yanazama. Mtume hakumwambia nenda ukasubiri, mlitaka mvua na mmeipata. Aliinua mikono yake miwili akaomba mvua iende pembezoni mwao, juu ya vilima na mabondeni na kwenye mizizi ya miti, isiwe juu yao. Kumbe hata neema ikizidi kipimo, si utovu wa adabu kuomba ipunguzwe.

Vuli ya mwaka 2023, mvua za El Niño zilipotushukia hapa pwani, njia ya kuja chuoni kwangu iligeuka mto. Nikakifunga chuo siku nne. Siku ya pili yake, baada ya Alasiri, mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia barazani mbele ya watu:

“Maalim, sisi tulikwenda chuoni mvua inanyesha, vibao tumejifunika kichwani, na leo ndio sisi tunaowasomea watu khitma. Watoto hawa unawafunza woga.”

Nikamwambia, “Ami, adhana yenyewe imebadilishwa kwa ajili ya mvua, seuze darasa langu?”

Akasema, “Na ikiwa ajali ya mtoto imeandikwa?”

Nikamwuliza, “Paa la nyumba yako umeliziba kabla ya vuli, ami, au umeliachia ajali?”

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini hakunikubalia. Alisema mtoto akizoea ruhusa hatazijua faradhi. Neno lake si la kupuuzwa, kwani wako watu ambao kila wingu kwao ni udhuru. Basi siku ya tano, maji yalipopungua, niliwaita watoto tukasoma mpaka karibu na Magharibi, tukalipa tulichokosa. Ruhusa hukaa maadamu sababu yake ipo, na sababu ikiondoka nayo huondoka.

Haukupita mwaka. Tarehe 14 Aprili 2024 zikatufikia habari kutoka Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu na jamaa. Huko Samad al-Shan maji ya wadi yaliichukua gari yenye wanafunzi, na wengine kati yao wakafa. Jioni ile mzee wangu alikuja barazani akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, “Watoto wale walikuwa wa umri gani, Maalim?” Nikamwambia wadogo, kama hawa wetu. Akasema, “Ni mashahidi, inshallah.” Nikasema, “Inshallah, ami.” Hatukuongeza neno.

Naam, hadithi zimekuja kwamba aliyekufa maji ana daraja ya shahidi. Bishara hiyo ni ya marehemu na waliomlilia. Si leseni ya dereva anayeona maji yanavuka barabara akakanyaga mafuta, wala si kinga ya mwenye nyumba aliyejenga ukuta juu ya mkondo. Shahada hapewi mtu na jirani yake mzembe ili jirani apate kusamehewa.

Basi tufanyeje? Kwanza, tujue kwamba maji yana haki ya kupita. Wanavyuoni wa fiqhi wameizungumza haki hiyo katika milango ya ujirani na mali. Mwenye kuongeza baraza lake juu ya mtaro, au kuutupa humo mfuko wa takataka usiku akidhani haonekani, amelipeleka tope chumbani kwa mwenziwe. Kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika matawi ya imani. Basi kukitia njiani ni katika nini? Jibu nakuachia wewe.

Pili, tusiyadharau maji yanayokwenda. Maji ya kasi yasiyozidi sentimita 60 kina chake huweza kulichukua gari la kawaida pamoja na waliomo. Ngoja, au rudi. Kuchelewa kufika kwa mkeo ni bora kuliko kupelekwa kwake umebebwa.

Tatu, nawaambia wanetu walioko nchi za baridi, na hata sisi katika usiku wa mvua: msiweke jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua watu usingizini. Mtume (S.A.W.) alikataza tusiache moto ukiwaka majumbani tunapolala.

Nne, mvua ikianza, bisha mlango wa mjane na wa mzee asiyeweza kupanda ngazi. Usingoje aite. Sauti ya mvua kwenye bati ni kubwa kuliko sauti yake.

Na masika hayako mbali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine hutakuwapo wa kuujenga. Toka leo na jembe na watoto wako, mzibue mtaro ulio mbele ya mlango wenu na ule wa jirani, kisha rudi ndani utawadhe, uinue mikono umwombe Mola mvua yenye manufaa. Dua hiyo itakuwa imetoka kwa mtu aliyekwisha fanya la kwake.

Ewe Mola wetu, tuteremshie mvua ya rehema, wala usiijaalie kuwa ya adhabu. Warehemu waliochukuliwa na maji, uwape subira waliobaki, na utujaalie tuwe majirani ambao watu husalimika nao katika mvua na katika jua. Amin.

Wallahu a’alam.