Nina Mtu Morogoro

Mke wangu nilimwambia nakwenda Morogoro kikazi. Kazi gani ya Jumamosi, hakuuliza. Nami sikuongeza neno. Saa 11 na nusu alfajiri nilikuwa stesheni ya SGR Dar es Salaam, tiketi ya daraja la kawaida mkononi, shilingi 13,000, kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi kama mtu anayewakwepa wadai.

Wanasihi Dar wapo. Lakini huko kuna jirani, kuna shemeji, kuna konda wa daladala anayekujua kwa jina. Nilitaka mji ambao nikionekana natoka mlango fulani, asiwepo wa kuuliza mlango ule ni wa nani. Na kila nilipofikiria, nilikumbuka kwamba treni hiyo hiyo ukiiacha iendelee itakufikisha Dodoma, kwenye Hospitali ya Mirembe, iliyopo tangu mwaka 1927. Utotoni mwetu jina hilo lilikuwa tusi: ukicheka peke yako tu, unaambiwa utapelekwa Mirembe. Nina miaka 44 na tusi hilo bado lilinikalisha roho juu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda treni ya umeme. Inaondoka bila mshtuko. Unagundua mnakwenda kwa kuwa nguzo zimeanza kurudi nyuma. Baada ya Pugu ikakolea mwendo. Mahali fulani niliiona reli ya zamani, ile nyembamba ya Wajerumani, waliyoanza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907. Nikageuza uso. Reli ile ndiyo iliyomlisha baba yangu, na kwa mkono wake ikatulisha sisi.

Baba alifariki Tabora mwaka 2021. Usiku huo dada alinipigia mara 14. Simu yangu nilikuwa nimeizima mlio ili nilale. Tangu hapo, simu ikilia baada ya magharibi moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, na nikiulizwa kulikoni nafoka. Watoto wamejifunza kuweka simu zao chini ya mto.

Saa mbili hazikutimia tukawa Morogoro. Stesheni iko nje ya mji, nikachukua bajaji, milima ya Uluguru imejifunika ukungu mbele yangu. Mji kasoro bahari, wenyewe wanavyouita. Mimi nilikuwa nimefika nikiwa na kasoro nyingi kuliko hiyo.

Mnasihi alikuwa mama wa miaka sitini na ushee, kitenge na miwani ya kamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanipa maji, akauliza habari za safari na akangoja jibu kwelikweli. Kisha akanieleza masharti: nitakayosema yatabaki mle ndani, isipokuwa akiona nimekusudia kujidhuru au kumdhuru mwenzangu. Halafu akanyamaza.

Nilisimulia nusu saa nzima. Hakuniambia nijikaze, hakuniambia ni mipango ya Mungu, maneno niliyoyasikia matangani mpaka yakachuja. Nilipofika kwenye zile simu 14 pumzi ikakatika. Akaniambia niweke nyayo sakafuni, nivute pumzi kwa kuhesabu hadi nne, niitoe kwa kuhesabu hadi sita. Akapumua pamoja nami. Nilipotulia akanipa daftari.

“Liandike hilo wazo linalokuamsha usiku.”

Nikaandika: Mimi ndiye niliyemuua baba.

“Dada alipiga saa ngapi?”

“Saa nane usiku.”

“Baba akafariki saa ngapi?”

“Saa tisa.”

“Ungepokea ile simu ya kwanza, ungefika Tabora lini?”

“Jioni yake.”

Akaniachia kimya nilitazame jibu langu mwenyewe. Mwishowe nikasema: “Lakini angalau ningesikia sauti yake.”

Akavua miwani. “Basi mwanangu, shida yako si kwamba ulimuua. Hukumuaga. Hilo ni donda jingine, na dawa yake ni nyingine.”

Akavuta kiti kitupu, akakiweka mbele yangu. Akasema nikitaka nimfikirie baba amekaa pale, nimwambie ambalo sikumwambia. Nikakitazama kile kiti, koo likakauka. Nikasema siwezi. Nilitegemea anisihi, kama fundi anayekataa kurudi nyumbani na kazi nusu. Akakirudisha ukutani taratibu, akakaa.

“Si cha lazima. Kwenu mtu akikosa kumuaga mzee, hufanya nini?”

“Huzuru kaburi. Husoma dua.”

“Umekwenda?”

Sikuwa nimekwenda. Siku ya mazishi nilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume: sanda, mahema, wali wa wageni. Arobaini ilipofika nilituma pesa ya hitima, nikabaki Dar.

Nilimuuliza hii yake ni tiba ya aina gani hasa. Akacheka. Kusikiliza bila kuhukumu alijifunza kwa Carl Rogers, alisema. Kuliweka wazo kizimbani ni kazi ya Aaron Beck. Kiti kitupu alikipa umaarufu Fritz Perls. Kaburi na dua ni vyetu. “Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini usidhani natia kila kitu chunguni. Naanza kwa kumtazama mgonjwa, dawa baadaye. Na mgonjwa akiikataa, naiweka.”

Neno hilo la mwisho nilirudi nalo stesheni. Hodari wa vifaa niliwahi kuwaona wengi. Anayejua kukirudisha kifaa ukutani, tena bila kununa, alikuwa wa kwanza.

Jioni treni ilipoipita Ruvu, simu ililia. Moyo ukaruka. Nikakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, nikahesabu nne, nikahesabu sita. Alikuwa mke wangu.

“Umefika wapi?”

Wahenga wamesema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kilio kilikwisha kuniumbua mara moja. Sikutaka cha pili.

“Nipo njiani. Sikwenda kikazi. Nilikwenda kwa mnasihi, kwa ajili ya mambo ya baba.”

Kikapita kimya kirefu, hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikamsikia akishusha pumzi.

“Mimi nilijua una mtu Morogoro.”

“Ninaye,” nikamwambia. “Ana miaka sitini na ushee, na amenituma Tabora. Twende wote?”

“Njoo kwanza ule,” akasema. “Twende lini?”