Unachana Rap, Dramu za Led Zeppelin!

Wewe unayesema rock ni kelele za wazungu wenye nywele ndefu, hebu nikuulize. Zile dramu nzito zinazofungua albamu ya Beastie Boys ya mwaka 1986, Licensed to Ill, unajua zimetoka wapi? Si mashine hiyo, mshkaji. Ni mikono na miguu ya John Bonham wa Led Zeppelin, Mwingereza aliyekuwa kaburini tangu 1980, alipofariki akiwa na miaka 32 tu.

Jamaa walikuwa wamejichimbia Headley Grange, jumba la kijijini huko Uingereza ambalo zamani lilikuwa makazi ya maskini. Dramu zikawekwa chini, penye ngazi, maikrofoni zikaning'inizwa juu ghorofani. Bonham akapiga! Sauti ikapanda, ikagonga kuta, ikarudi imevimba kama radi. Ndiyo hiyo When the Levee Breaks ya mwaka 1971.

Sasa, mwanzo wa wimbo ule dramu ziko peke yake, gitaa bado halijaingia. Watu wa rap walipopata mashine za kukata vipande vya nyimbo za zamani, wakaona hii ndiyo yenyewe. Kata, rudia, chana juu yake. Dr. Dre aliitumia kwenye The Chronic mwaka 1992, Björk kwenye Army of Me mwaka 1995, hata Beyoncé kwenye Don't Hurt Yourself, 2016.

Mdogo wangu ni mtu wa rap mpaka kwenye suruali. Nilipomwekea nyimbo hizo moja baada ya nyingine, alinitazama kama nimemfanyia kiinimacho. Halafu akanibana: "Sasa braza, hao wazungu wako nao walitoa wapi?"

Swali la haki kabisa. Wimbo wenyewe uliimbwa mwaka 1929 na Kansas Joe McCoy na mkewe Memphis Minnie, Wamarekani weusi, kuhusu mafuriko ya mto Mississippi ya 1927. Led Zeppelin waliandika jina la Minnie kwenye santuri, la Joe wakaliacha, wakati ndiye aliyeimba!

Na hapo ni afadhali. Whole Lotta Love ya 1969 ilibeba maneno ya Willie Dixon, mtunzi mweusi wa blues, bila jina lake kutajwa popote. Mimi nawapenda hawa jamaa, kaseti zao nimezisikiliza mpaka utepe ukakwama, lakini kwa mzee Dixon walichemsha.

Kwenye ule wimbo wa Beyoncé, Led Zeppelin wote wanne wamo katika orodha ya watunzi, na marehemu Bonham yumo. Dixon yeye ilibidi afungue kesi, mwaka 1985. Walimalizana naye 1987, miaka 18 baada ya wimbo kutoka.